Maji Niliyompimia Mjomba Wako

Chilangala, alasiri, siku moja kabla ya safari yako

Mwanangu Mfaume,

Salamu tumepeana asubuhi na tutapeana nyingine kesho, kwa hiyo hapa sizirudii. Mama yako amekwisha kukueleza habari za shuka, za unga wa njiani, za kutolala nyumba usiyoijua na za kuchemsha maji hata kama kiu imekushika koo. Alipomaliza sikubakiwa na kitu cha kukuagiza. Sasa hivi wewe uko kwa bibi yako unaaga, mimi nimekaa barazani na karatasi za zamani za kazi, na nimeona nikuandikie jambo ambalo nikikutazama usoni nitalikwepa. Najijua. Yaliyonipa sifa nayasimulia bila kuombwa, umeyasikia mpaka umeyachoka. Hili sijawahi kulisimulia.

Barua ya kukuaga ilikuwa haki ya mjomba wako Chilumba. Kwenu Wamakonde, kama kwetu Wayao, mtoto ni wa ukoo wa mama yake na mjomba ndiye mwenye neno la mwisho. Mimi nilitoka Masasi nikaja kumwoa mama yako, nikajenga kwao, nikapewa heshima ya mkwe, ambayo ni heshima nzuri lakini ya mgeni. Mjomba wako angekuwa hai, leo yeye ndiye angekuita, akakwambia nenda au baki, na mimi ningekaa pembeni natafuna muhogo. Unajua alikufa mwaka wa vita vya maji. Umeambiwa alipigwa risasi na askari wa Mdachi kule bondeni upande wa Masasi, na hilo ni kweli. Hujaambiwa kwamba mimi nina sehemu yangu katika kifo chake.

Nianze na kisanduku, maana umekizoea mno hata hujawahi kuuliza kilifikaje nyumbani kwetu. Kabla ya vita alikuja huku juu Mdachi mmoja aliyetumwa na boma kupima maji, chemchemi kwa chemchemi, ili wajue wapi wafukue visima vya askari na wapi pamba itakubali. Watu walimwita Bwana Sindano. Mimi nilikuwa nimesoma herufi na hesabu pwani, basi akaniajiri nimbebee kisanduku na kumwandikia alama. Kazi yenyewe unaijua kuliko ninavyoweza kuieleza: kijiti cha shaba na kijiti cha zinki vinatumbukizwa majini, waya mbili zinarudi kwenye kisanduku, na sindano chini ya kioo inasogea kwenye alama kutoka sifuri hadi sitini. Maji ya mvua yanaitikisa tu. Maji ya chemchemi yanaipandisha kidogo. Yenye chumvi yanairusha.

Nikavimba kichwa. Nilitembea na kisanduku kile kama nimebeba boma lenyewe mgongoni. Wazee walinipisha njia, watoto walinifuata, na kila nilipotumbukiza vijiti watu walishusha sauti. Mama yako peke yake hakushtuka. Yeye tangu usichana alikuwa akiamka jogoo la kwanza, anashuka mteremko na mtungi, anarudi jua limekwisha kupanda, kama wanawake wote wa uwanda huu ambao Mungu aliujalia kila kitu isipokuwa maji. Siku moja nilimwekea bakuli mbili mbele yake, nikamwonyesha jinsi sindano inavyozitofautisha. Alichovya kidole katika moja, akaonja, akachovya katika nyingine.

"Hii ya kwenye mianzi, hii ya mawe," akasema. "Na hilo ndilo unalolipwa, Baba Mfaume?"

Nilicheka, lakini moyoni niliudhika. Nilimwona mtu asiyejua thamani ya elimu.

Homa ilimshika Bwana Sindano kabla kazi haijaisha. Wapagazi walimchukua kwa machela hadi Lindi, akapandishwa meli, na kisanduku kikabaki kwangu nikiambiwa niendelee kuandika mpaka atakaporudi. Hakurudi. Nikawa mimi ndiye mpima maji wa uwanda mzima, na hakuna mtu juu yangu wa kuniambia nimekosea. Nilidhani hiyo ni bahati.

Kisha dawa ikafika. Yalitangulia maneno kutoka upande wa Wamwera, kwamba kuna maji ambayo mtu akinyunyiziwa, risasi ya Mdachi haimwingii. Baadaye akaja mjumbe mwenyewe, mtu mwembamba, mpole, na kibuyu begani. Usimfikirie kama tapeli wa mnadani. Alikaa siku tatu, akala nasi, akajaza kibuyu chake mteremkoni, akawasikiliza watu wakilalamikia kodi, kazi ya pamba na viboko vya akida. Yote aliyoambiwa yalikuwa kweli, na yeye alijua hivyo, ndiyo maana na sisi tulimsikiliza. Hata leo sijui kama alikuwa akiamini maji yake. Nadhani aliamini.

Mjomba wako hakuwa mtu wa kukurupuka. Akishika jembe jipya alilizungusha, akagonga makali kwa ukucha, akauliza nani kalifua, ndipo alime. Siku ya tatu watu walijaa uani kwake kungoja atakalosema, na yeye akanigeukia mimi mbele ya wote.

"Mlamu," alisema, maana ndivyo tunavyoitana huku mashemeji, "wewe una kitu cha kupimia maji. Pima na haya, nijue kama ni maji ya kawaida au siyo."

Mjumbe hakukataa. Alimimina kwenye bakuli, na punje za mtama zikaelea juu pamoja na mbegu za mbarika. Nikaketi, nikafungua kisanduku polepole kuliko ilivyohitajika, kwa sababu nilipenda kutazamwa. Sikuvisugua vijiti. Sikuweka kwanza maji ninayoyajua. Nilitumbukiza tu. Sindano ikapanda, ikapita hamsini, ikagonga mwisho na kutetemeka pale pale. Nilikuwa sijawahi kuiona ikifanya hivyo. Nilisikia mbuzi akitafuna nyuma ya ghala.

"Si maji ya kawaida," nikasema. "Tangu nianze kazi hii sijaona maji yaliyofika hapa."

"Yana nini ndani?" akauliza mjomba wako.

Mwanangu, jibu nilikuwa nalo. Jibu lilikuwa "sijui". Sindano ile haijui dawa wala risasi, haimjui Mdachi wala babu zetu, inajua tu kwamba majini mna kitu kinachoupitisha umeme, na kitu hicho kinaweza kuwa chumvi, majivu, magadi au mkojo wa ng'ombe. Bwana Sindano alinieleza hivyo mara ngapi. Lakini watu wote wale walikuwa wananitazama mimi, na "sijui" ilionekana neno dogo kwa mtu mwenye kisanduku.

"Yana kitu kikubwa, mlamu," nikasema. "Kikubwa kuliko tulivyozoea."

Mama yako alikuwa amesimama nyuma na wanawake wenzake. Alikuja mbele, akachovya kidole, akaonja. "Baba Mfaume," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "haya ni ya Mkwajuni. Chumvi na mtama basi."

Kisima cha Mkwajuni ni kile cha chini kabisa ya mteremko, ambako wanawake huchota si kwa kunywa bali kwa kuchemsha wapate chumvi. Mimi sikuwa nimewahi kukipima. Bwana Sindano hakutaka maji yasiyonyweka, basi tulikipita kila mara. Mke wangu alikuwa ananipa mkononi jibu lote, na mimi nikamwambia mbele ya kaka yake na mbele ya watu, "Nyamaza. Haya si mambo ya mtungi." Watu wakacheka. Akarudi alikokuwa amesimama.

Mjomba wako aliniamini. Kesho yake asubuhi alinyunyiziwa, akafunga punje za mtama shingoni, akaondoka na wenzake kwenda kuungana na wengine karibu na Chiwata. Wewe ulikuwa mdogo, nadhani unakumbuka tu kwamba alikupa kisu chake kidogo ukae nacho.

Laiti kosa langu lingeishia hapo. Kusema zaidi ya unachojua mbele ya watu ni ujinga, na wajinga tuko wengi. Lililo baya zaidi ni hili linalofuata, na sijawahi kumwambia mtu yeyote chini ya jua.

Walipoondoka, maneno ya mama yako yalianza kunikera. Siku ile ile nilichukua kisanduku nikashuka Mkwajuni. Safari hii nilivisugua vijiti kwa mchanga na majivu kama nilivyofundishwa, nikaanza na maji ya mvua, nikafuata na ya chemchemi, mwisho nikavitumbukiza kisimani. Sindano ikagonga mwisho, ikatetemeka pale pale. Nikatia mtama na mbarika, haikujali. Ilikuwa chumvi, kama alivyosema, na nilikuwa na hakika kama ninavyoijua sura yako.

Mjomba wako na wenzake walikuwa Chiwata wakingoja watu wa vijiji vingine. Kwa mwenye haraka ni mwendo wa siku moja. Ningeondoka saa ile ile ningemkuta. Badala yake nilipanda nyumbani nikala. Kesho yake nikashuka tena Mkwajuni kupima, nikapanda. Siku ya tatu nikashuka tena. Nilijiambia nahakikisha, na huo ulikuwa uongo. Nilikuwa natafuta namna ya kumwambia mjomba wako kwamba nilikosea bila kuonekana kwamba nilikosea. Hofu ilikuwepo pia, siifichi, maana wakati ule aliyesema vibaya juu ya dawa angeweza kuuawa na watu wake mwenyewe. Lakini hofu ilikuwa ndogo. Aibu ndiyo iliyonifunga miguu siku mbili nzima.

Nilipoondoka nilikimbia. Chiwata nikakuta majiko yamezimwa na mama mmoja anaokota mihogo iliyoachwa. Nilimwamkia, nikamuuliza. "Wametoka jana alasiri, baba," akaniambia. Nilifuata njia yao, na siku iliyofuata nikakutana na wawili wanarudi, mmoja amefungwa kitambaa begani. Walisema mjomba wako alitangulia mbele ya wote, wima, bila kujificha nyuma ya kitu chochote, huku akiwaita wenzake wasiogope kwa sababu maji yamepimwa.

Nimekaa na maneno hayo miaka yote hii. Yananiuma kama siku niliyoyasikia.

Nimejitetea mara nyingi kichwani. Watu walikuwa na sababu za kupigana, na sababu zenyewe zilikuwa za haki. Huenda mjomba wako angekwenda hata kama ningemwambia ni chumvi tupu. Alikuwa mtu wa kwenda. Lakini angekwenda akijua risasi ni risasi, angeinama, angejificha, angepigana kama mtu mwenye akili zake, na pengine leo angekuwa hapa akinitania kwamba nimezeeka kabla ya wakati. Nafasi hiyo nilimnyima mimi, kwanza kwa mdomo wangu na tena kwa ukimya wangu.

Baada ya vita ikaja njaa, na baada ya njaa nilitaka kukitupa kisanduku korongoni. Daktari wa Lindi ndiye aliyenizuia bila kujua. Alisikia kuna mtu uwandani ana sindano ya kupimia, na kwinini ya uongo ilikuwa imejaa madukani, watu wanameza unga na homa inaendelea kuwachukua. Akanitumia kwinini halisi kidogo nilinganishe. Nilipoanza kuyeyusha na kupima, nikaona jambo la kunitia jasho: kwinini ya uongo iliyotiwa chumvi ilipandisha sindano kuliko kwinini halisi. Ningefuata sindano peke yake, ningewapa watu chumvi na kuwanyima dawa. Ndipo nikaanza ule utaratibu ambao umekua ukiuona na kuudhania ni tabia ya uzee: kwanza kwinini ninayoijua, kisha unga ninaoujua, kisha chumvi ninayoijua, na mgeni anakuja mwisho. Na kila mara kabla ya kuandika neno, nilimwita mama yako aonje. Ulidhani namwita kwa mapenzi. Ni kweli, lakini si hilo tu.

Sasa nikueleze kwa nini sina wasiwasi na wewe, na hapa naandika kwa raha.

Kiangazi kilichopita alikuja yule mfanyabiashara na makopo yake ya kwinini, amefuatana na akida, na ilionekana wazi akida anataka makopo yale yapite. Mimi mkono ulikuwa unaniuma, ukapima wewe. Sindano ilisimama karibu kabisa na alama ya kwinini halisi. Nakiri leo kwamba nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema ni nzuri. Nilitaka wale watu waondoke uani kwangu. Wewe ulionja kidogo, ukakunja uso.

"Shikamoo, Akida," ulisema, kana kwamba ndiyo kwanza anafika. "Sindano inakubali, ulimi wangu unakataa. Sijui bado hiki ni nini. Naomba siku mbili."

"Nimekuuliza nzuri au mbaya," akasema akida, na kiboko anakichezesha mkononi.

"Kwa leo jibu langu ni sijui."

Ulikuwa unakitazama kiboko, nilikuona. Lakini hukuongeza neno wala hukupunguza. Siku ya pili ulikuwa umeshachuja unga ukabaki kwenye kitambaa, umechemsha maji yaliyobaki ukapata chumvi kwenye sufuria, na kwinini yenyewe humo haikujaa hata ncha ya kisu. Akida mwenyewe aliyarudisha makopo. Habari zikamfikia daktari, na ndiyo maana kesho unakwenda Lindi kufanya kazi katika chumba chake cha kupimia. Watu wa hapa wanasema umepata kwa sababu wewe ni mwanangu. Mimi nakwambia ulipata kwa kusema neno ambalo baba yako lilimshinda.

Huko utapima kwinini, na daktari ameniandikia kwamba utapima pia mito na visima vinavyopokea maji machafu ya mashamba ya katani. Vyombo vyake ni bora kuliko kisanduku chetu, vina sindano nyembamba na alama nyingi, na utafurahi navyo kama nilivyofurahi mimi. Furahi. Usijizuie. Siku moja mwenye shamba atasimama nyuma yako akitaka usikie jibu lake kabla hujatumbukiza vijiti, na atakuwa amevaa vizuri na kukuita kwa jina. Siku nyingine watasimama wanakijiji waliochoka, wenye haki yote upande wao, wakitaka useme maji yana sumu kabla hujajua. Hao wa pili ndio watakaokupa taabu zaidi, kwa sababu utawapenda. Sina dawa ya kukupa kwa siku hiyo. Nina habari ya mjomba wako tu, na sasa ni yako pia.

Ukisema huwezi kunisamehe, nitaelewa. Alikuwa mjomba wako kabla mimi sijawa chochote cha maana kwako. Usiharakishe kunijibu. Andika ukishajua unachofikiri.

Naongeza haya baada ya magharibi. Nilikuwa nimepanga kuikunja barua na kuitia kwenye mzigo wako, uisome ukiwa mbali. Lakini mama yako hasomi, na haikuwa haki wewe ujue jambo la kaka yake kabla yake. Nimemsomea yote. Nilipofika kwenye zile siku mbili nilinywa maji, nikaendelea.

Aliendelea kuchambua choroko. Kisha akasema, "Hizo siku mbili nilizijua. Nilikuwa nakuona unashuka Mkwajuni bila mtungi na unapanda bila chumvi."

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza.

"Ulishaniambia ninyamaze, Baba Mfaume."

Yeye aliendelea na choroko zake, na machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta. Baadaye akasema, "Mpe mtoto barua yake, lakini isiwe ndiyo mwisho. Ulisema mbele ya watu. Wengi wao wako hai, na wengine ni wajane wa wale waliomfuata kaka yangu."

Basi nakupa barua hii usiku huu huu, na kesho usiende moja kwa moja njia panda ya Lindi. Pita kwanza uani kwa mjomba wako. Nimekwisha kutuma mtu awaite wote waliokuwepo siku ile, na nitawaambia kama nilivyokuandikia wewe, siku mbili zile pamoja. Sijui watanifanyia nini. Nitaanza kwa kumwomba mama yako atoke walikosimama wanawake, aje mbele, na safari hii yeye ndiye atakayesema kwanza.

Mimi baba yako